Njia za Panya na Mgeni wa Karantini: Uhakiki wa Lugha ya Sera za Mipaka Wakati wa Korona

Ni nadra sera za serikali kuhakikiwa na wataalamu wa lugha. Kazi hiyo huachiwa wanasheria na wachumi, kana kwamba amri ya kumzuia mtu asisafiri haikuundwa kwa maneno. Miaka ya 2020 na 2021 imeacha matini tele za aina hiyo katika Afrika ya Mashariki, na makala haya yanakusudia kupima maneno machache yaliyotumika humo, si kwa usanifu wake tu, bali kwa kazi yaliyoifanya.

La kwanza ni njia za panya. Usemi huu ni mkongwe kuliko korona; hutumika kwa vijia vinavyokwepa kituo cha forodha. Katika habari za magendo sitiari yake inaeleweka: panya hupita gizani, na hula asichokilima. Lakini mwaka 2020 ilihamishwa ilivyo hadi katika matangazo ya afya, na huko ikapata uzito ambao watangazaji hawakuonekana kuupima. Panya ndiye mchukuzi wa tauni. Kumwita mtu panya kwa sababu ya magendo ni kumshutumu kwa kukwepa ushuru. Kumwita hivyo wakati wa maradhi ni kumgeuza yeye mwenyewe kuwa maradhi. Naye ni nani? Huko Busia na Malaba mpaka umepita katikati ya Wasamia na Wateso, na huko Namanga katikati ya Wamasai. Mtu huvuka kwenda sokoni, au kwenye matanga ya shangazi yake, kwa kijia kilichokuwapo kabla ya mpaka wenyewe.

Tena ugonjwa haukuanzia vijiani. Mgonjwa wa kwanza aliyetangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, wa Tanzania tarehe 16, na wa Uganda tarehe 21 mwezi huo huo, wote walikuwa wasafiri waliowasili kwa ndege. Ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa Kenya kuanzia tarehe 25 Machi, ni kweli; lakini njia ya angani haikupewa jina la mnyama yeyote.

Karantini ni neno lililosafiri mbali kuliko wengi waliowekwa humo. Asili yake ni neno la Kiitalia la arobaini, kwa desturi ya Venice ya kuzizuia merikebu siku arobaini. Kabla yake Ragusa, mwaka 1377, ilidai siku thelathini. Katika Kenya ya kikoloni wafugaji walizijua amri za karantini kwa ng'ombe wao waliozuiwa wasifike sokoni, na huenda kumbukumbu hiyo ndiyo iliyolitia neno ukali. Mwaka 2020 msafiri aliyewasili Kenya aliwekwa humo siku 14, wengi wakitakiwa kujilipia gharama. Lililo zito zaidi kwa mhakiki ni kwamba waliokamatwa kwa kuvunja kafyu nao walipelekwa karantini. Hapo neno la kinga likawa neno la kifungo, na si ajabu kwamba baadhi ya watu walitoroka. Linganisha na barakoa: neno la kale la pwani kwa kifuniko cha uso cha mwanamke, lililofufuliwa bila kelele likakubalika kote. Lugha haikukosa uwezo. Waliokosa uangalifu ni waliolitumia neno moja kwa mgonjwa na kwa mkosaji.

Kisha kuna mgeni. Kiswahili hakitenganishi kwa neno hili mtu wa nchi nyingine na mtu anayekaribishwa, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sera za korona ziliigeuza methali hiyo ikawa mgeni ondoka, mwenyeji apone. Haki inadai isemwe kwamba kuanzia Aprili 2020 madereva wengi wa malori walipatikana na virusi, na hofu ya Uganda haikuwa ya kubuni. Hata hivyo, Mei 2020 Uganda ilianza kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu ya wagonjwa wake. Dereva aliyepimwa Malaba akakutwa mgonjwa hakuwa mgonjwa wa Uganda, wala nchi yake haikuwa na haraka ya kumhesabu. Alikuwa mgonjwa wa barabara.

Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa mizigo. Sarufi ya amri hiyo ina kasoro iliyo wazi: mzigo umefanywa mtenda, wenye kupita, hali Kiswahili chajua kwamba mzigo hubebwa. Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, lililoanza Julai 2010, linataja uhuru wa watu na wa bidhaa kwa pamoja, ingawa linaruhusu vizuizi kwa sababu za afya. Kilichobaki cha uhuru huo mwaka 2020 ni bidhaa, na dereva akaruhusiwa kama sehemu ya gari. Hata mfumo wa kielektroniki uliobuniwa na Jumuiya ulifuatilia mizigo na madereva kwa pumzi moja. Wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mnamo Februari 2021. Miongozo ya mwaka uliotangulia, basi, iliwatawala madereva ambao lugha yao ya kazi, tangu bandari ya Mombasa hadi Bujumbura, haikuwa lugha rasmi ya walioiandika.