Mkikuyu Aliyekuwa Mjaluo Kila Wiki

Kwetu Muthetheni, Ukambani, tulikuwa tukitazama kipindi cha vichekesho *Vitimbi* kwenye televisheni ya betri ya gari. Betri ikichoka, picha ilisinyaa kutoka pembeni mpaka ikabaki sauti tupu. Nilipozoea giza hilo ndipo nilipoanza kumsikiliza mhusika mkuu, Ojwang', badala ya kumtazama, na kwa sauti pekee hakuna aliyetilia shaka: huyu ni Mjaluo.

Hakuwa. Benson Wanjau, mwigizaji wake, aliyefariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Watu hulisimulia jambo hilo kama kichekesho. Mimi naliona kuwa ni ufundi, na ufundi wenyewe ulianza kwa kuondoa kabla ya kuongeza.

Ulimi wa Kikuyu una mazoea yake. Huchanganya r na l, na b, d na g hupenda kutanguliwa na m au n. (Sisi Wakamba tusicheke sana; r kwetu ni mgeni, barua huwa valua.) Mazoea ya namna hiyo hujificha mtu akiwa ametulia, kisha hasira zikipanda yanatoka yenyewe. Sasa kumbuka Ojwang' alikuwa mtu wa namna gani: mzee wa kufoka, wa kulalamika, wa kukatizwa maneno. Wanjau alikuwa akiulinda ulimi wake mahali penye hatari kuliko pote.

Baada ya kuondoa, akaongeza kidogo tu. Kijaluo hakina z, sh wala v, kwa hiyo shilingi inakuwa silingi na zote inakuwa sote. Wachekeshaji wengi wakishajua hilo huligonga kila neno kama debe, na dakika ya tatu umechoka. Yeye aliliacha lipite kama mtu asiyejua kwamba ana lafudhi. Ndiyo maana kicheko hakikuwa juu ya Wajaluo. Tulimcheka baba mwenye nyumba anayetaka kuheshimiwa na asiyeheshimiwa.

Heshima hiyo aliyeivunja ni Mary Khavere, akiwa Mama Kayai, mke wa Ojwang'. Maneno ya mama yalimiminika, na Wanjau akangoja. Kungoja kule ndiko nusu ya mchezo: kimya, jicho, halafu jibu fupi. Hadithi zenyewe mara nyingine zilikuwa nyepesi, nikiri, na kuna vipindi ambavyo bila kimya kile visingesimama.

Habari za kifo zilipofika sokoni zilitaja jina la Wanjau. Mzee mmoja, ambaye betri ile ilikuwa yake, alinitaka nirudie.

"Wanjau yupi, mwanangu?"

"Ojwang', mzee."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama watamzika Kisumu.