Nani Mvamizi? Juu ya Jina Moja la Kemia ya Nadharia

Wanakemia wa nadharia, wakitaka kujua molekuli hufyonza mwanga wa nishati gani, hukokotoa tofauti kati ya hali yake ya chini kabisa na hali zake zilizosisimuliwa. Njia mojawapo ni CASPT2, iliyotolewa mwaka 1990 na Andersson, Malmqvist, Roos na wenzao, huko Lund, nchini Uswidi. Mtafiti huchagua kwanza obiti chache ambamo elektroni hushughulikiwa kikamilifu. Yaliyobaki huongezwa kama mtikiso mdogo. (Twasema mtikiso, usumbufu ni wa watu.)

Kila sehemu ya sahihisho ni kipeo cha pili cha mwingiliano, kikigawanywa kwa tofauti ya nishati. Tofauti hiyo ikikaribia sifuri, hesabu huharibika. Hapo hulaumiwa «hali mvamizi»; Kifaransa nacho husema intrus.

Neno hilo ndilo tunalolipinga. Mvamizi hutoka nje, akaingia pasipo haki. Hali hii haikutoka popote: ni ya molekuli ile ile, ila mtafiti aliiacha nje alipochagua obiti zake, au Hamiltoni ya mwanzo imeipa nishati isiyoifaa. Jina limemwondolea mchaguzi lawama.

Tena jina huelekeza tiba. Mwaka 1995 Roos na Andersson walipendekeza kuongeza kiasi maalumu katika kigawanyo, kisha kurekebisha athari yake. Penye mwingiliano dhaifu dawa hiyo yafaa. Ukiwa na nguvu, hapana budi kupanua uwanja wa obiti. Kinyume chake NEVPT2, iliyotolewa mwaka 2001 na Angeli, Cimiraglia, Malrieu na wenzao, iligusa Hamiltoni ya mwanzo yenyewe, ikatia ndani yake msukumano wa elektroni za uwanja uliochaguliwa. Wavamizi wakatoweka kwa kiasi kikubwa. Ni mvamizi gani huyo aondokaye mwenye nyumba apangapo vyumba vyake upya?

Twapendekeza «hali jirani», kwani kosa lake lote ni ukaribu wa nishati. Mwanafunzi mmoja wa kemia alinijibu kwamba jina ni jina tu. Nikaisoma tasnifu yake. Ameandika humo kuwa «wavamizi waliondolewa», bila kutaja obiti alizozichagua wala kiasi alichokiongeza katika kigawanyo.