Swala Hafundishwi: Kasoro Moja ya Sifa Tunazowapa Wanariadha

Katika fasihi yetu ya sifa mwanariadha ana majina mengi, na karibu yote ni ya wanyama. Huitwa swala, duma, paa, farasi; husemwa kwamba hupaa, huteleza hewani, hupita kama upepo wa kusi. Watangazaji wa redio husema hivyo na magazeti huandika hivyo, lakini wa kulaumiwa kwanza ni sisi washairi, maana maneno hayo wameyachota kwetu. Katika makala hii nadai kwamba sifa hizo, ingawa hutolewa kwa mapenzi, zina kasoro kubwa: humnyang'anya mkimbiaji kazi yake, na humfuta kabisa mwalimu wake. Swala hafundishwi. Tukimwita mtu swala tumekwisha kusema kwamba hakuna alichojifunza wala aliyemfunza.

Mbio zinazoifichua kasoro hii kuliko nyingine ni zile za mita 400, yaani duru moja kamili ya uwanja. Katika mita 100 mtazamaji aweza kudhani kwamba aliyeshinda alizaliwa na miguu bora, basi. Mita 400 hazimruhusu mtu kudhani hivyo. Hakuna binadamu awezaye kuzikimbia zote kwa kasi yake ya juu kabisa. Mwili una akiba ya nguvu za sekunde chache tu. Baada ya hapo huanza kukopa, kwani misuli hufanya kazi kupita kiasi kinachoweza kulishwa na hewa tuivutayo. Deni hilo hudaiwa katika mita 100 za mwisho. Miguu huwa kama imefungwa magunia ya chumvi, mabega hupanda, shingo hukakamaa. Hata bingwa wa dunia hupunguza mwendo mahali hapo. Aliye jukwaani humwona mshindi kana kwamba anaongeza kasi, kumbe wenzake ndio wanaopungukiwa zaidi.

Kwa hiyo hii ni kazi ya kugawa. Mkimbiaji aliyefunzwa vizuri hupita nusu ya kwanza upesi kuliko ya pili, kwa sekunde moja au mbili hivi, na tofauti hiyo haiji kwa bahati. Imepimwa kwa saa na kurudiwa mazoezini wiki baada ya wiki: mita 200 mara sita, mita 300 mara tatu au nne, pamoja na mapumziko yaliyohesabiwa katikati, siku nyingine kupanda kilima, siku nyingine kukimbia mita 500 au 600 ili zile 400 zionekane fupi. Mtunzi wa mashairi ataelewa mara moja. Anayemaliza pumzi yote katika ukwapi hana la kusema katika utao.

Mimi mwenyewe nilizikimbia mbio hizi nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Mazoezi tuliyopewa yalikuwa neno moja tu, "Kimbia!", nalo tulipewa asubuhi ya mashindano. Niliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha nikapitwa na watu watano, mmoja wao akiwa hana viatu. Jioni ile ilisemwa kwamba sina kipaji. Nilikubali, nikahamia kwenye ushairi, ambako angalau nilikuta watu waliohesabu mizani kwa vidole mbele yangu na kunikosoa.

Tumchukue sasa John Akii-Bua wa Uganda, kwa sababu ndiye tuliyemwita swala kuliko wote. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Akawa binadamu wa kwanza kuzimaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, na kuivunja rekodi ya 48.12 iliyowekwa na Mwingereza David Hemery huko Mexico mwaka 1968. Hemery alikuwamo uwanjani akashika nafasi ya tatu. Akii-Bua alikimbia katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huiogopa kwa kuwa kona zake ni kali. Baada ya kuvuka mstari aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi ambavyo havikuwapo.

Picha hiyo ndiyo iliyotushinda washairi. Askari polisi, mwana wa Lango aliyechunga ng'ombe wa babaye, akirukaruka mbele ya dunia nzima: nani asingeandika swala? Lakini Akii-Bua mwenyewe, alipomsimulia mwandishi wa Marekani Kenny Moore mwaka huohuo, alieleza habari nyingine. Alimtaja Jorem Ochana, askari mwenzake, aliyewahi kushikilia rekodi ya Afrika katika mbio za viunzi. Ochana aliona kwamba kijana anaruka juu mno, naye kila anayeruka juu hupoteza muda hewani. Basi aliweka ufito juu ya kiunzi, ili kijana ajifunze kupita katikati kwa kuinama. Kijana aligonga viunzi kwa magoti na vifundo vya miguu, akavuja damu. Na ule ufito ulimwachia kovu katika paji la uso.

Nawaomba wanafunzi walitazame kovu hilo kwa makini. Swala hana kovu la ufito.

Mwaka 1968 aliwasili Malcolm Arnold, mwalimu kutoka Uingereza, naye akamhamisha Akii-Bua kutoka viunzi vya mbio fupi hadi vya duru nzima. Mbio hizo zina viunzi kumi. Cha kwanza kipo mita 45 kutoka mwanzo, na kati ya kimoja na kingine pana mita 35. Mkimbiaji anayepiga hatua 13 kati ya viunzi hutangulia kwa mguu uleule kila mara. Akichoka, hatua zikawa 14, hana budi kubadili mguu. Wengi wana mguu mmoja tu wa kutangulia, wakaharibikiwa hapo. Akii-Bua alijifunza kutumia yote miwili. Alipanda vilima, akakimbia amevaa fulana iliyotiwa uzito wa ratili 25 na zaidi, akaruka viunzi virefu kuliko vya mashindano.

Najua nitaambiwa kwamba kipaji kipo. Kipo, wala sikikani. Lakini katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970 kipaji kilikuwa kilekile, na Akii-Bua alikuwa wa nne. Kati ya wa nne na wa kwanza ilipita miaka miwili ya kazi. Tena hesabu hii ni ya kustaajabisha: Nicholas Bett wa Kenya alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo mjini Beijing mwaka 2015, alitumia sekunde 47.79. Miaka 43 baadaye, tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde.

Arnold amepata sifa yake, na ni haki yake. Ochana je? Katika simulizi tulizozoea kuna Mwafrika aliyezaliwa na mbio na Mzungu aliyekuja na saa; yule Mwafrika aliyekuja na ufito hayumo. Sidhani kwamba ni wageni peke yao waliomwondoa. Sisi tulimwondoa zamani, siku tulipochagua neno swala. Haipaswi kuwa hivyo. Mwaka 2016 mjini Rio, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alizikimbia mita 400 kwa sekunde 43.03 katika njia ya nane, asikoweza kumwona mpinzani hata mmoja mbele yake, akaivunja rekodi ya Michael Johnson ya mwaka 1999. Siku ileile dunia ilimjua pia Ans Botha, mwalimu wake, bibi wa miaka 74. Sifa ya mkimbiaji haikupungua hata kidogo.

Ajabu ni kwamba katika sanaa zetu nyingine hatuna kosa hili. Mcheza ngoma huulizwa manju wake ni nani. Mwimbaji huulizwa alikaa chini ya nani. Lakini mtoto akishinda siku ya michezo shuleni, hatumwulizi mtu. Twasema ana kipaji, twampa daftari na kalamu, na mwaka unaofuata twashangaa kwamba kipaji kimekwisha.

Mwaka 1997 Akii-Bua alipofariki nilitunga shairi la beti saba, na swala alikuwamo katika beti tatu. Nimelirudia hivi karibuni. Swala nimemtoa, na vilima nimeviingiza. Ubeti wa nne ungali wazi kwa ajili ya Ochana. Jina lake ni mizani mitatu, na kina chake ni *na*, chepesi kuliko vyote katika lugha hii, hata kisingizio sina.