Ombi Lisilowezekana Likataliwe Mlangoni

Katika Hadoop YARN, mfumo unaogawa rasilimali za klasta ya kompyuta, programu haigusi kompyuta hata moja kabla ombi lake halijakaguliwa. Hutaja kumbukumbu na viini vya prosesa inavyohitaji, na msimamizi wa rasilimali hulipima ombi hilo kwa mipaka iliyowekwa. Kwa mpangilio wa awali, kontena moja, yaani fungu moja la rasilimali, halipewi zaidi ya megabaiti 8192. Aombaye 9000 hukataliwa papo hapo, na ujumbe wa kosa humtajia kiasi alichoomba na kikomo alichokivuka. Ni mistari michache tu ya msimbo, na sijaona anayeisifu. Mimi naisifu, kwa sababu ndani yake mna uungwana. Aliyeiandika alimfikiria mtu asiyemjua, akaona si haki asubiri kisichokuja. Nahodha hodari naye hukataa mzigo uliozidi jahazi likiwa bado gatini.

Ukaguzi ukilegea, gharama humwangukia mwombaji. Slurm, kipangaji cha kazi za klasta kilichoanzia maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, kina kipengele kiitwacho EnforcePartLimits. Kikiachwa kama kilivyo, kazi iliyoomba muda kupita kikomo hupokelewa, ikaketi kwenye foleni mpaka kikomo kibadilishwe. Wapo wanaotetea upole huu: klasta hukua, wanasema, na kisichowezekana leo huenda kikawezekana kesho. Ni kweli pale ambapo seva huongezwa zenyewe kadiri ya mahitaji. Lakini kwenye klasta ya chuo ambayo haitapata seva mpya mwaka huu, kupokea ombi la namna hiyo ni kumpa mtafiti ahadi ya uongo. Upole wa aina nyingine ni kukuza ombi kimyakimya. Kipangaji cha YARN kinachopima kwa hatua za megabaiti 1024 humpa aliyeomba 1025 megabaiti 2048, na karibu nusu yake hukaa bure. Wahandisi wa Google walipoeleza Borg, mfumo wao wa kusimamia klasta, mwaka 2015, walikadiria kwamba kukuza maombi hadi vipimo vichache vilivyopangwa kungedai rasilimali zaidi kwa asilimia 30 hadi 50. Ndiyo maana Borg huruhusu kumbukumbu iombwe kwa baiti.

Wengine watauliza kwa nini mtu aendelee kukadiria ilhali mashine inaweza. Mwaka 2020 Google ilieleza mfumo wa Autopilot: kazi zilizopangiwa vikomo na mfumo huo ziliacha bure asilimia 23 ya zilichotengewa, na zilizopangiwa na watu asilimia 46. Hoja naikubali, na inaniuma, maana tarakimu hizo ni ushahidi wa uzembe wetu. Hata hivyo, kadirio la mashine nalo lina kikomo, na lazima lipite mlango uleule. Kilichotupotea ni mazoea ya kupima. Enzi za IBM OS/360, mtu aliandika kwenye kadi kilobaiti alizohitaji, na kumbukumbu ilikuwa haba kiasi cha kumlazimisha afikiri. Leo faili la maombi la mwenzako hunakiliwa pamoja na tarakimu zake, na gigabaiti 16 huombwa na programu isiyofikisha mbili.

Unayeandika kipangaji, kataa mapema na utaje kikomo. Nawe unayeomba, ipime programu yako kwanza, kwa kuwa kila gigabaiti unayoishikilia bure kuna mwenzako anayeingoja kwenye foleni.