Bahari Isiyo na Wavuvi: Fani ya Meli katika Majengo ya Muhumba

Uhakiki wa majengo haujazoeleka katika majarida ya Kiswahili, ingawa istilahi tunazozitumia kuhakikia ushairi na riwaya, yaani fani na maudhui, zatosha kuanzia kazi hiyo. Katika makala haya tutazitumia kuchunguza jambo moja: ukumbi wa mapokezi wa ofisi unaobuniwa kwa kuiga mandhari ya bahari ya kaskazini, na maana yake katika mtaa wa Muhumba, komini ya Ibanda, mjini Bukavu.

Huenda msomaji akashangaa. Bukavu uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Hata hivyo, bahari ya kaskazini ilikwisha kufika huko. Wabelgiji walipoujenga mji huo, ambao zamani waliuita Costermansville, walileta mtindo wa Art Deco, likiwamo tawi lake lililoiga meli za abiria: pembe zilizoviringwa, vyuma vya kushikilia kama vya sitahani, madirisha ya duara, kuta nyeupe zenye mistari mirefu ya mlalo. Mtindo huohuo ndio wa jengo la redio la Joseph Diongre mjini Brussels, lililokamilika mwaka 1938, ambalo wenyeji hulifananisha na meli.

Kifani, hatuna ugomvi na kazi hiyo. Pembe iliyoviringwa huupokea mwanga wa ziwa taratibu, na mistari ya mlalo hulituliza jicho katika mji wa miteremko mikali. Tatizo limo katika maudhui. Meli ya abiria ina madaraja, na mji uliofuata mfano wake ulikuwa nayo pia: Muhumba ilikuwa makazi ya Wazungu, ilhali Waafrika walitengewa Kadutu na, katika miaka ya 1950, Bagira. Kwa mkazi wa Muhumba wa wakati huo, ziwa lilikuwa picha ya kutazamwa kutoka sitahani.

Historia ya neno moja yatuthibitishia hayo. Katika pwani ya Waswahili, Lamu na Unguja kwa mfano, baraza ni kiti cha jiwe kilichojengwa mbele ya nyumba ili mgeni aketi, azungumze, anywe kahawa, bila kulazimika kuingia ndani. Neno hilo lilisafiri na misafara hadi Kongo, likaingia katika Kifaransa cha wakoloni kwa umbo la *barza*, likiwa na maana ya veranda. Jina lilibaki, jiwe lilipotea. Barza ya mkoloni ilikuwa mahali pa mwenye nyumba kupunga upepo, na yule aliyekuja na shida alisimama uani.

Turudi sasa kwenye bahari yenyewe. Mbunifu anayetaka mandhari ya kaskazini hana budi kuwatazama wachoraji walioiishi, na miongoni mwao sijui aliye mkweli kuliko Léon Spilliaert (1881–1946) wa Ostend. Katika michoro yake ya wino, bahari ni nyeusi, ukuta wa pwani ni mtupu, na mtu, akiwapo, ni mmoja tu. Upweke huo ni maudhui halali kabisa kwenye karatasi. Ukihamishiwa katika ukumbi wa ofisi, kwa sakafu ya kijivu inayong'aa, vioo baridi na nafasi pana isiyo na kiti, unageuka amri: usikae hapa.

Na maji ya Muhumba hayana upweke huo. Usiku Ziwa Kivu hujaa taa. Wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, hupiga makasia kwa nyimbo, na huwavuta sambaza kwa mwanga, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mandhari ya kazi, ya watu wengi pamoja. Ajabu ni kwamba msanii anayeyaona hayo dirishani mwake akaagize bahari ya mbali! (Hatusemi kwamba kuazima ni kosa; taarabu ingekuwa wapi?) Tunauliza tu ni nini kinachoazimwa, na nani atakayekaa ndani yake.

Nyumba kadhaa za Muhumba zimegeuzwa ofisi, na anayeingia humo mara nyingi ni mtu mwenye barua mkononi, aliyepanda na kushuka vilima tangu alfajiri. Atangoja saa nyingi. Basi kipimo cha ukumbi si rangi ya ukuta. Kiti cha jiwe kandokando ya ukuta, kimo cha goti, kingetosha kuanzia. Na dirisha la upande wa ziwa lishushwe hadi usawa wa macho ya aliyeketi, kwani lile la duara, lililowekwa juu kwa kuiga meli, humwonyesha yeye mbingu peke yake.