Kuhamisha na Kunyang'anya

Kuiba hufanywa kwa siri. Kupora, kwa ghafula na vurugu. Kuteka, kwa vita. Kunyang'anya hufanywa mwenye mali akitazama. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wako waandikao kwamba "walihamishwa". Na tulipime neno hilo. Tukisema "Wameru walihamishwa", ardhi haitajwi. Tukisema "Wameru walinyang'anywa ardhi", mali na mwenyewe hutajwa pamoja. Kirilo Japhet aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, alidai ardhi. Yafaa basi mwandishi wa historia naye aitaje.