Do Moja, Njia Mbili: Kulisoma Zoezi la Noti 16

Lipo zoezi dogo la gitaa ambalo nimelipiga asubuhi nyingi kiasi cha kusahau nilianza lini, na kadiri ninavyolirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba linastahili utulivu uleule tunaoupa ubeti wa mtunzi aliyekomaa. Lina noti 16. Linakaa ndani ya kipimo kimoja cha mapigo manne, kila pigo likibeba noti nne, na kwa mwendo wa kawaida linakwisha kabla ya sekunde tatu. Kwa solfa, lugha ambayo kila aliyepitia kwaya anaielewa, linasomeka hivi: re fa la do, mi re do ti, la so fa mi, re fa la do. Kisha, pigo la kwanza la kipimo cha pili linapogonga, ti. Mi inayoanza kundi la pili ni ya juu, ile inayofunga kundi la tatu ni ya chini, na kati ya mi hizo mbili mkono unateremka oktava nzima bila kuruka noti hata moja.

Makazi ya zoezi hili ni mzunguko wa "Chameleon", wimbo unaofungua albamu ya Head Hunters aliyoitoa Herbie Hancock mwaka 1973, na ambao hadi leo ni miongoni mwa nyimbo za kwanza anazokutana nazo mpiga gitaa anayejifunza jazi mseto, ile jazi iliyooana na fanki na roki ambayo wenyewe huiita fyusheni. Kodi zinazopokezana chini ya solo ya kwanza ni mbili tu, kila moja ikitawala kipimo kimoja: B-flati maina saba, kisha E-flati saba. Besi yake, ambayo Hancock aliipiga kwa sintesaiza, inazunguka pale pale kwa ukaidi mtamu. Jambo moja huwa linasahaulika: katika bendi iliyorekodi albamu ile hapakuwa na mpiga gitaa. Kazi ya kukatakata mdundo ambayo kwa kawaida ingeachiwa gitaa ilifanywa na klavineti ya Hancock mwenyewe. Mpiga gitaa anayeuingia wimbo huu leo, basi, anakalia kiti ambacho hakikuwahi kuwekwa, na hana solo ya gitaa ya asili ya kuiga. Analazimika kuzisoma kodi mwenyewe.

Tuzisome. Tukiichukua A-flati kuwa do, kodi ya kwanza ni re fa la do, na ya pili ni so ti re fa. Re na fa zimo katika kodi zote mbili na hazihitaji kusogea. La inashuka toni nzima kwenda so. Do inashuka nusu toni kwenda ti. Mabadiliko yote ya mzunguko huu yamebebwa na miteremko hiyo miwili, na kati yake ule wa nusu toni ndio unaosikika kama neno, kwa sababu sikio huuhisi umbali mfupi kuliko wote kuwa ndio wenye haja kubwa kuliko yote. Anayetaka msikilizaji ajue kwamba kodi imebadilika, hata besi ikinyamaza, hana njia fupi kuliko kutoka do kwenda ti.

Hapo ndipo suala la skeli na apejio linapoingia, na hapo ndipo ufundishaji mwingi unapoligawa jambo ambalo halikugawika. Mwanafunzi hupewa skeli ya Doriani kama fungu moja la maarifa (re mi fa so la ti do, kutoka re hadi re) na apejio kama fungu jingine (re fa la do), kisha huambiwa achague. Lakini ipandishe apejio hiyo bila kuisimamisha, ukiruka noti moja na kuchukua inayofuata: re fa la do mi so ti. Noti zote saba zimekwisha kutajwa. Apejio iliyopandishwa mpaka mwisho wake ni skeli ileile katika mpangilio mwingine. Skeli hupita mlango kwa mlango, apejio huruka nyumba moja na kubisha ya pili, na zote mbili zinaishi mtaa mmoja. Tofauti yao ni ya mwendo, na mwendo ni suala la umbo kabla ya kuwa suala la nadharia.

Historia ya jazi inatupa ushahidi wa karibu mno. Mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22, Miles Davis alirekodi Kind of Blue, albamu ambayo wimbo wake wa kwanza, "So What", una vipimo 32 na skeli mbili tu za Doriani zilizopishana nusu toni. Saksafoni ya tena ni ya John Coltrane. Mapema Mei, mwaka uleule, Coltrane huyohuyo aliingia studio na "Giant Steps", wimbo ambao kodi zake hubadilika kila baada ya mapigo mawili katika sehemu kubwa ya safari yake, zikizunguka katika funguo tatu zilizoachana kwa umbali sawa, kiasi kwamba mpigaji hana nafasi ya kutembea mlango kwa mlango na hulazimika kuruka. Pumzi ileile, majuma machache tu katikati. Jazi mseto iliyozaliwa baada yake, kuanzia Bitches Brew ya Davis ya mwaka 1970 ambamo John McLaughlin alipiga gitaa, ilirithi uwanja mpana wa kwanza na kiu ya mwendo ya wa pili.

Turudi kwenye noti zetu 16, na hapa naomba subira ya msomaji mwenzangu. Idadi hiyo si ngeni kwetu. Mshororo wa shairi letu la mizani 16 umegawika vipande viwili vya mizani nane nane, kina cha kati kikikaa kwenye mizani ya nane na kina cha mwisho kwenye ya 16. Kipimo cha fyusheni, kinapogawanywa robo pigo, nacho kina nafasi 16, na zoezi letu nalo limegawika nane kwa nane, ingawa kwa namna nyingine: noti nane za apejio zimewekwa pembeni, nne mwanzo na nne mwisho, nazo zimezibana noti nane za skeli katikati. Ni umbo la mlango na fremu yake. Angalia sasa mizani ya nane. Pale ambapo mtunzi wa shairi angeweka kina cha kati, zoezi limeweka ti, noti ambayo haimo katika kodi ya kwanza, na ndiyo hasa inayoipambanua Doriani na skeli ya maina ya kawaida. Imewekwa mahali dhaifu, kwenye robo ya mwisho ya pigo la pili, inapita bila kusisitizwa, na msikilizaji wa kawaida hataitambua. Kisha noti nane baadaye zoezi linamalizika kwa do, na ti inarudi, safari hii ikiwa imesimama wima juu ya pigo la kwanza la kipimo kipya.

Hapo kuna tofauti ambayo imenichukua muda kuielewa. Katika ushairi kina huufunga mshororo ndani ya mshororo wenyewe. Katika zoezi hili mizani ya 16 haifungi kitu. Kina chake kinaangukia mwanzo wa mshororo unaofuata. Tungo nyingi za jazi zimejengwa juu ya msingi huu, na naweza kuuita kina-vuka, kwa kukosa jina lililozoeleka: sentensi inayohesabiwa mpaka 16 lakini maana yake ikakamilika kwenye ya 17. Mwanafunzi anayelipiga zoezi kisha akasita kwenye noti ya mwisho, kama mtu aliyefika, amelikata shairi kabla ya kina.

Kitovu cha ufundi wote ni do. Inasikika mara tatu: ya nne katika mpangilio, ya saba na ya 16. Ile ya saba ni mpita njia tu. Hizo mbili nyingine zinafanana kwa kila hali, kwa kuwa zote zimefikiwa kwa ngazi zilezile, re fa la, na zote zinafunga kundi la noti nne. Sikio linapoisikia ya pili linaikumbuka ya kwanza na linatarajia iendelee ilivyoendelea, yaani iruke juu kwenda mi, kwa kuwa hiyo ndiyo mantiki ya apejio: bado ina noti za kupanda. Badala yake do inashuka nusu toni. Swali moja limeulizwa mara mbili kwa maneno yaleyale, likajibiwa mara ya kwanza kwa lugha ya apejio na mara ya pili kwa lugha ya skeli. Tazama pia kwamba mtungaji hakuhitaji noti hata moja ya nje, wala mapambo, kuupata mshangao huo. Ameupata kwa marudio, mbinu ya zamani kuliko gitaa lenyewe.

Na mkono unajua haya kabla ya akili. Weka kidole cha shahada kwenye freti ya 6 ya uzi wa sita, hiyo ndiyo re. Fa iko freti ya 9 ya uzi uleule, la iko freti ya 8 ya uzi wa tano, do iko freti ya 6 ya uzi wa nne, tena chini ya shahada. Kutoka hapo, mi ya juu iko freti ya 5 ya uzi wa tatu, na ti iko freti ya 5 ya uzi wa nne. Maana yake njia zote mbili za do zinaanza kwa tendo moja: mkono unarudi nyuma freti moja. Ukihamia uzi wa jirani umepanda kwenda mi. Ukibaki kwenye uzi uleule, ukikiburuta tu kidole kile kile cha shahada bila kukiinua, umeshuka kwenda ti. Upana wa nafasi kati ya nyuzi mbili, chini ya sentimita moja, ndio unaotenganisha kodi ya kwanza na ya pili. Sijui kifaa kingine kinachoiweka hoja ya muziki karibu hivyo na ngozi.

Kwa sababu hiyo nina shaka na majedwali. Vitabu vingi vya kujifunzia hupanga kodi upande mmoja na skeli upande wa pili, kodi hii skeli ile, na mwanafunzi huondoka akiwa na orodha ndefu asiyoweza kuitamka. Mpiga gitaa Pat Martino alipendekeza njia iliyo kinyume, ya kuzigeuza kodi zote ziwe maina na kuzipigia fikra za maina, hivyo kwamba E-flati saba nayo huchezwa kana kwamba ni B-flati maina. Ninaiheshimu njia hiyo. Imempunguzia mpigaji mzigo mkubwa, na aliyeibuni alikuwa fundi asiye na shaka. Hata hivyo katika mzunguko mfupi kama huu ina gharama yake: ukikubali kwamba kodi mbili ni moja, do haina tena sababu ya kushuka, na ule mteremko wa nusu toni ambao ndio roho ya zoezi unabaki kuwa bahati.

Waliolelewa na dansi watakuwa wameshatambua kitu. Bendi zetu, na za Kinshasa kama OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, zilibeba jina la jazi zikipiga muziki wa rumba, na katika sebene gitaa la solo hukaa juu ya kodi chache zinazozunguka, likirudia umbo moja la apejio huku likilibadilisha mwisho kidogo kidogo. Sidai kwamba hiyo ni fyusheni. Ninachosema ni kwamba sikio lililozoea kusubiri kwa hamu badiliko la noti moja ndani ya marudio marefu limekwisha kupata nusu ya malezi linayoyahitaji.

Ugumu uliobaki ni wa mkazo. Kwa muda mrefu nililipiga zoezi hili kwa nguvu sawa kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho, nalo likatoka kama mtu anayehesabu ngazi za ghorofa. Lilibadilika nilipopunguza mwendo mpaka mapigo 60 kwa dakika, nikazipiga noti nane za katikati kwa sauti ya chini, kama maneno ya kando, na kuiacha do ya mwisho ichelewe chembe tu, si kiasi cha kuvunja mdundo, ila kiasi cha kuifanya ti idaiwe. Mazoezi ya kasi yalikuja baadaye na hayakuwa magumu tena, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshajua sentensi inakwenda wapi.

Kipimo cha pili nimekiacha kitupu kwa makusudi. Wapo wanaokijaza kwa ti re fa la, noti zinazoiendeleza E-flati saba hadi tisa yake, na wanafanya sawa. Mimi huigonga ti na kuiacha ilie. Besi inamaliza duru yake chini, kodi ya kwanza inarudi, na ti bado inalia, bila kidole kusogea. Kipimo kilichopita ilikuwa nguzo ya kodi. Sasa imekuwa tena ile noti ya pembeni, ya mizani ya nane, iliyopita pigo la pili bila mtu kuitazama.